Mafuta yarudi, gia ibaki: rimoti ya ndege kwenye lori la mfano

Watoto wa Dodoma wameunda malori tangu zamani: bodi ya boksi, ekseli ya waya, matairi ya ndala zilizochakaa, na fimbo ndefu ya usukani ili dereva asiiname. Wapo waliokua na hawakuacha. Siku hizi wananunua lori la mfano la uwiano wa 1 kwa 14, ambapo semitrela ya mita 16.5 inabaki na urefu wa mita 1 na sentimita 18 hivi, lenye giaboksi ya gia 3, taa zote na honi. Kisha wanaliendesha kwa rimoti ya ndege za mfano. Ugomvi unaanzia hapo.

Niliusikia Majengo, kwenye meza ya fundi simu. Kijana alikuwa ameweka rimoti ya FlySky FS-i6, anaazima bisibisi ndogo. Jirani anayeuza vifaa vya umeme akamwambia, "Dogo, hiyo ni ya ndege. Unaichakachua. Nunua ya lori." Kuchakachua ni neno zito kwetu, tulilizoea kwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Kumtupia neno hilo mtu anayetaka tu lori lake libadili gia, kwa kweli, nimeona ni uonevu.

Hoja ya muuzaji yenyewe si ya kubeza. Kifaa kimeundwa kwa kazi fulani, ukikifungua dhamana imekufa, na atakayekinunua baadaye hatajua uligusa nini. Lakini hiyo "ya lori" ni ipi? Inayopatikana kirahisi ni ile ya bastola, yenye kigurudumu pembeni na kifyatulio, na mara nyingi chaneli zake, yaani njia za kupeleka amri, ni 2 au 3. Lori linataka 4 kwa uchache: usukani, mafuta, gia, na moja ya taa na honi. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa ya bastola, chaneli 2, nikahakikishiwa kwamba inafaa kwa gari lolote. Lori likawa linakwenda na kukata kona, basi. Gia nilikuwa nabadili kwa kidole, baada ya kusimamisha lori na kuinua kabini.

Kaa ndani ya kabini ya lori kubwa, hata kwa kuwaza. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, pedeli inarudi yenyewe. Ukiingiza gia ya pili, inabaki ya pili mpaka uitoe. Yaani kuna vya kurudi na vya kubaki. Bastola inajua kurudi tu. Rimoti ya ndege inajua vyote viwili. Kijiti chake cha kushoto, ukikipandisha au kukishusha, hakina springi ya kukirudisha. Kuna kibati kinachokwaruza meno madogo, tik-tik-tik, na ukikiachia kinabaki pale pale, kwa sababu rubani anataka injini ishike kasi aliyoipanga. Kijiti cha kulia kina springi pande zote. Kila anachohitaji dereva wa lori kimo humo, ila mkono umekosewa: mafuta yamewekwa panapobaki, na gia ikawekwa panaporudi.

Wapinzani wengi wanadhani kurekebisha ni lazima kufungua. Hatua ya kwanza haihitaji hata hiyo bisibisi. Kwenye risiva, kile kipokezi kilichomo ndani ya lori, chaneli ya 3 ni ya kijiti cha kushoto kisichorudi, na ya 2 ni ya kijiti cha kulia kikienda mbele na nyuma. Waya wa kidhibiti mwendo, kinachogawia mota umeme, unatoka 3 kwenda 2, waya wa sevo ya gia, yaani kamota kanakosukuma gia, unaingia 3. Kidole gumba cha kulia sasa kina usukani na mafuta, cha kushoto kina gia. Kuna na nyongeza tamu: FS-i6 ukiiwasha hugoma na kutoa onyo mpaka kijiti cha kushoto kishushwe hadi chini. Kwenye ndege ni ili panga boi lisianze kuzunguka mkononi mwa mtu. Kwenye lori, ukiwa umepanga gia ya kwanza iwe chini, onyo lile lile linakulazimisha uondoke na gia ya kwanza.

Ubaya wake upo. Kidole kimoja kushika usukani na mafuta kunachosha, ukikata kona unajikuta umepunguza mwendo bila kutaka. Gia ya kati nayo haina alama. Ukikosea kidogo, giaboksi inakwaruza.

Ndiyo maana wengine wanakwenda hatua ya pili. Gia wanaihamishia kwenye chaneli ya 5 na kuipa swichi C ya upande wa kulia, ambayo ina nafasi 3 kamili, waya wa mafuta wanaurudisha 3, kisha wanafungua mgongo wa rimoti, wanatoa kile kibati, na kuweka springi na kamkono ka plastiki kutoka rimoti iliyokufa. Kijiti cha kushoto kinaanza kurudi katikati kama pedeli. Hapa muuzaji anaanza kuwa na haki. Springi ile ni ndogo, na mimi moja ilishanirukia kwenye vumbi la uani nisiione tena. Lile onyo la kuwasha nalo linageuka kero: unashusha kijiti kwa kidole, rimoti inakubali, unaachia kirudi katikati, ndipo unawasha lori. Ukigeuza utaratibu, lori linaamkia rivasi. Rimoti zinazotumia programu ya EdgeTX, iliyozaliwa 2021 kutoka OpenTX, zinakuruhusu kuzima onyo hilo na kupanga kijiti chochote kwa chaneli yoyote kwenye menyu.

Kinachonisumbua mimi ni amri ya dharura, yaani kile ambacho risiva itafanya mawimbi yakikatika. Risiva huongea na sevo kwa mipigo ya umeme, kwa kawaida 50 kwa sekunde, na urefu wa mpigo ndio ujumbe: mikrosekunde 1500 ni katikati, 1000 ni mwisho mmoja, 2000 ni mwisho wa pili. Kwa ndege, mafuta kwenye 1000 maana yake injini imezimwa, hivyo rubani mwenye akili anapanga 1000 kuwa amri ya dharura. Kwa lori, kusimama ni 1500. Ile 1000 ni rivasi, mafuta yote. Namba ile ile inayoilaza ndege inalitupa lori kinyumenyume. Vidhibiti vingine hufunga breki kwanza, vingine vinaingia rivasi moja kwa moja.

Changu kiliingia moja kwa moja. Nilikuwa nimenakili mpangilio wa ndege bila kufikiri, betri 4 ndogo za rimoti zikaisha nguvu lori likiwa limebeba kokoto. Tela likajikunja, kichwa kikalisukuma hadi kwenye jiko la mkaa lenye sufuria ya maharage. Maharage yakamwagika yote. Angekuwa mtoto amechuchumaa pale, nisingekuwa naandika kwa utani.

Lakini kosa lile lilikuwa langu, na tiba yake ni ya dakika 2: ingia kwenye menyu, panga chaneli ya mafuta ibaki 1500, pandisha lori juu ya tofali magurudumu yaning'inie, kanyaga mafuta, zima rimoti. Magurudumu yakisimama, shusha. Yakiendelea, usishushe. Na rimoti nyingi za magari nazo zinataka upange amri hiyo mwenyewe, kwa hiyo "ya lori" haikuokoi na uvivu.

Wapo wanaotisha watu kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Idhini ya kifaa cha redio inahusu hasa mawimbi yake. FS-i6 inatuma kwenye gigahezi 2.4 kwa nguvu isiyozidi miliwati 100, na springi ya kijiti haiongezi hata miliwati moja. Anayebadili antena au kuweka cha kukuza nguvu, huyo ana kesi nyingine.

Wiki iliyopita alipita kwangu mzee aliyeendesha malori miaka mingi, mahindi kutoka Kibaigwa, shehena za kuvuka mlima Sekenke. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hebu nipe." Nikampa ile yenye springi na swichi. Mkono wake wa kushoto ukawa unapapasa hewani. "Gia iko kulia? Hili lori la nchi gani?" Nikachukua ile niliyobadili waya tu, gia kushoto kama kwenye kabini zetu. Akashusha kijiti hadi chini, akapanda rundo la kokoto taratibu, akafika juu, akasukuma kijiti, tik-tik-tik, midomo ikihesabu, akaacha. Giaboksi haikukwaruza.