Taa ya UV haijaua samaki wako

Wanaofuga samaki wa mapambo hapa Dodoma hawaafikiani kuhusu taa ya UV, ile ya kusafisha maji ya tangi kwa mionzi ya urujuanimno, na wanaoipinga ndio wanaosikika zaidi. Wanasema mionzi ni mionzi: kama inaua vijidudu, itaacha vipi kumdhuru goldifishi? Wanaongeza kwamba huua hata bakteria wazuri wanaosafisha tangi. Kisha hufuata ushahidi wa mtaani: fulani wa Ilazo alifunga taa mwishoni mwa wiki, katikati ya wiki samaki wakaelea.

Hofu hiyo ina chembe ya ukweli nitakayoifikia. Ila kwa sehemu kubwa naona inaionea taa, na inawafanya watu watafute muuaji mahali asipo.

Mionzi ya urujuanimno si ya aina moja. UVA ni ya mawimbi ya nanomita 315 hadi 400, UVB ni 280 hadi 315, na UVC iko chini ya hapo. Taa inayouzwa kwa ajili ya kusafisha maji ya tangi ni ya UVC, na mwanga wake mkuu ni wa nanomita 254. Huo huvuruga DNA ya kijidudu kiasi kwamba hakiwezi tena kuzaliana. Wala si ufundi wa juzi. Mji wa Marseille, Ufaransa, ulijaribu kusafisha maji ya kunywa kwa njia hii mwaka 1910.

Sasa tazama kifaa chenyewe kilivyo. Ni bomba la plastiki nyeusi lililofungwa. Ndani yake kuna taa iliyovikwa mrija wa kwatzi, kioo kinachoruhusu UVC kupita, kwa kuwa kioo cha kawaida huizuia. Pampu inavuta maji kutoka tangini, yanapita kandokando ya mrija, yanarudi. Samaki haoni mwanga wala haufikii. Na maji yakishatoka humo hayabebi mionzi yoyote, kama ambavyo shati lililoanikwa juani haliendelei kuwaka ukiliingiza ndani. Linganisha na klorini ya bombani, ambayo tusipoiondoa inaunguza mashavu ya samaki. Sijawahi kusikia mtu akiiogopa klorini nusu ya anavyoiogopa taa.

Hoja ya bakteria wazuri inasikika ya kitaalamu zaidi, lakini nayo haisimami. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitraiti na kisha nitreti hawaogelei ovyo majini. Wamejishikiza kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe, kwenye vioo. Taa inagusa kinachoelea tu: mwani unaofanya maji yawe ya kijani, bakteria waliotawanyika, na vimelea vya ugonjwa wa madoa meupe wakiwa katika hatua ya kuogelea kutafuta samaki wa kumshika. Vimelea walioshaingia kwenye ngozi hawaguswi, wala mwani uliojibandika kwenye kioo. Kwa hiyo anayeichukulia taa kama tiba naye amepotoka. Kazi yake ni kupunguza idadi ya wanaoelea.

Na yule wa Ilazo? Mimi ningeuliza kwanza tangi lilikuwa na umri gani. Mara nyingi taa hununuliwa pamoja na tangi jipya, filta mpya na samaki wanane kwa mpigo, wakati sponji bado haina bakteria hata wa kuhesabu. Amonia inapanda, samaki wanahema juujuu, wanakufa. Au umeme ulikatika usiku, filta ikasimama saa kadhaa. Taa ndiyo kitu kigeni kinachoonekana, basi kesi inaangukia kwake.

Nimesema kuna chembe ya ukweli. UVC ikimfikia kiumbe moja kwa moja inadhuru, bila ubishi. Muulize fundi wa kuchomelea mageti aliyewahi kufanya kazi bila miwani: mchana anajiona mzima, usiku macho yanamchoma kama yametiwa mchanga. Mwanga wa kuchomelea una mionzi ya jamii hii hii. Samaki wengi hawana kope, hawawezi hata kufumba. Madukani na mitandaoni zinauzwa taa za bei nafuu zisizo na kasha, za kubandika ndani ya tangi kwa kishikizo cha mpira, na muuzaji anakuambia ni UV kama nyingine. Hiyo sitaitetea. Inawamulika samaki, konokono, uduvi na mimea, na inakumulika wewe uliyeketi kwenye kochi. Hata jua lenyewe linaweza kuwaunguza samaki migongo wakiwa kwenye maji meupe, ya kina kifupi, yasiyo na kivuli. Perege wa bwawani akizidiwa anazama chini zaidi. Kwenye tangi la sentimita arobaini anazama wapi?

Jambo jingine la upande huo ni dawa. Mionzi huvunjavunja baadhi ya dawa zinazotiwa majini, hivyo ukitibu samaki huku taa inawaka, unaweza kuwa unamwaga hela. Zima hadi dozi iishe.

Lakini kinachonisumbua zaidi hapa kwetu hakisemwi na upande wowote, nacho ni maji. Maji ya visima vya Dodoma ni magumu. Kila mwenye birika anaujua ule ukoko mweupe unaoganda chini. Ukoko huohuo unajijenga juu ya mrija wa kwatzi, na haraka zaidi kwa sababu taa ina joto. Ukifungua kifaa ambacho hakijaguswa kwa miezi utakuta mrija umepauka kama umepakwa chokaa. Taa ndani yake inawaka vizuri, ule mwanga wa bluu unaonekana kwenye kidirisha, mwenye tangi ameridhika. UVC imeishia kwenye ukoko. Vimelea vinapita salama, samaki wanapata madoa meupe, na mtu anatangaza kwamba taa ya UV haina maana au ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Ongeza na umri wa balbu. Taa nyingi za aina hii zinahesabiwa saa kama 9,000, yaani takriban mwaka mmoja zikiwaka mfululizo. Baada ya hapo mwanga wa bluu unaendelea kuonekana, ila UVC imeshuka sana, na jicho haliwezi kukuambia. Ongeza pia pampu kubwa kupita kiasi: maji yakipita mbio, kijidudu kinamulikwa kwa muda mfupi mno. Ndiyo maana nasema taa nyingi tunazobishania hazijawahi kumdhuru wala kumsaidia samaki yeyote. Dawa yake ni siki na kitambaa laini kila baada ya miezi michache, ukiwa umeshachomoa waya ukutani, maana kuitazama taa tupu ikiwaka ni kujitafutia yale ya fundi wa mageti. Na balbu ikipasuka, ina zebaki ndani, isiachwe majini.

UVA ni habari tofauti kabisa. Goldifishi wanaiona. Sikilidi (samaki wa jamii ya perege) wa Ziwa Nyasa wenye macho yanayoipokea wamepimwa, wakaonekana kudaka vijidudu vya kula kwa haraka zaidi mwanga huo ukiwepo. Kwa hao si sumu, ni sehemu ya mchana wao.

Halafu yupo kobe wa maji, ambaye kwake kosa ni kukosa mionzi. Bila UVB mwili wake hautengenezi vitamini D3, hatumii kalsiamu sawasawa, na gamba linalainika au kupinda. Anahitaji mahali pakavu pa kuota, na taa ya UVB iliyo juu yake bila kioo katikati. Wapo wanaomweka karibu na dirisha wakiamini jua la Dodoma linatosha. Jua linatosha kweli, lakini kioo cha dirisha kinapitisha mwanga na joto, UVB kinaibakiza nje.