Mrithi asiye na namba ya shauri

Ukifika masijala ya Mahakama ya Mwanzo kuulizia mirathi ya marehemu baba yako, jambo la kwanza utakaloulizwa ni namba ya shauri. Msimamizi wa mirathi anayo. Ndugu waliofuatana naye siku ya kufungua shauri wanayo. Wewe uliyekuwa umeolewa mkoa mwingine, au ulikuwa bado mtoto baba alipofariki, au mama yako hakuwa mke wa nyumba kubwa, huna. Na mara nyingi unaitafuta namba hiyo kwa sababu msimamizi amekataa kukuonyesha alichofanya na mali. Basi anayelihitaji jalada kuliko wote ndiye asiyejua pa kuanzia kulitafuta. Jambo hili linaniumiza, na naamini Mahakama ya Tanzania inaweza kulimaliza bila kusubiri sheria mpya.

Watu wengi hawajui jalada la mirathi limebeba nini, ndiyo maana hawalifuatilii. Ndani yake kuna Fomu Na. 1, yaani maombi, ambamo mwombaji anawataja warithi wote. Kuna cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za waliohudhuria. Kuna Fomu Na. 4 inayomteua msimamizi. Kisha, ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, msimamizi anapaswa kurudisha Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, na Fomu Na. 6, hesabu za mgawanyo. Mrithi akisoma fomu hizo anajua kama jina lake limo, kama nyumba ya Tandika imetajwa, na kama fedha za kiinua mgongo zilipokelewa na zikaenda kwa nani. Ugomvi wa ukoo uliodumu miaka unaweza kupata jibu kwenye karatasi chache zilizofungwa kwa uzi.

Nilimsindikiza mama mdogo kwenye shughuli ya namna hii. Karani alikuwa mtu mwema. Alipopata namba alitoa jalada, tukakaa kwenye benchi la nje tukalifungua. Mama mdogo alipitisha kidole kwenye muhtasari wa kikao, jina kwa jina, mpaka akafika kwenye lake. Mbele yake palikuwa na alama ya dole gumba. Akaniambia, "Mwanangu, mimi natia saini. Nimesoma mpaka darasa la saba." Hakuhudhuria kikao chochote. Bila kuliona jalada lile angeendelea kuambiwa nyumbani kwamba alikubali mwenyewe, na asingekuwa na la kujibu.

Lakini kulifikia kulituchosha, kwa hiyo nieleze njia kwa faida ya aliye safarini.

Anzia mahali marehemu alipokuwa akiishi mwishoni, maana Mahakama ya Mwanzo yenye mamlaka ni ile ya eneo la makazi yake wakati wa kifo. Wengi wanakimbilia mahakama ya kijijini alikozikwa, wanapoteza nauli bure. Beba nakala ya cheti cha kifo, kwa sababu jina kwenye rejista ni lile la vyeti. Mzee aliyejulikana mtaa mzima kama Mzee Chande anaweza kuwa ameandikwa kwa majina matatu ambayo hata wanawe hawajayazoea. Mwambie karani mwaka wa kifo, aanze na rejista ya mwaka huo, kisha ule unaofuata. Familia nyingi hufungua mirathi baada ya arobaini, nyingine huchelewa mpaka benki au mfuko wa pensheni uwabane.

Kumbuka pia kwamba si kila mirathi iko Mwanzo. Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Marehemu aliyeacha wosia wa kiserikali, yaani ulioandikwa kwa kufuata sheria ya nchi badala ya mila au dini, au aliyeishi maisha yasiyofuata mila, mirathi yake huenda ilifunguliwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Hapo utaulizia masijala tofauti kabisa.

Ukikwama, rudi nyuma kupitia mali. Msimamizi hawezi kuhamisha jina kwenye hati ya kiwanja bila kuwasilisha barua ya uteuzi kwa Msajili wa Hati. Omba huko upekuzi rasmi wa kiwanja hicho, yaani kuangaliwa rejista inaonyesha nani ni mmiliki. Kama jina limeshabadilika kuwa la msimamizi, basi nyaraka ya mahakama iliyotumika imo kwenye kumbukumbu za ardhi, na juu ya nyaraka hiyo kuna jina la mahakama na namba ya shauri. Kwangu hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, na ni wachache wanaoijua.

Na ukiambiwa "jalada halipo", usiondoke. Uliza limekwenda wapi. Kukiwa na rufaa au marejeo, jalada la Mwanzo huitwa Mahakama ya Wilaya, na likipanda tena huenda Mahakama Kuu. Yapo pia yaliyohamishiwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu baada ya kufungwa. Omba karani akusomee maelezo ya mwisho kwenye rejista. Kama kweli limepotea, mahakama inaweza kuliunda upya kwa nakala walizonazo wahusika, na ndiyo sababu kila mrithi ahifadhi nakala yake badala ya kumwachia kaka mkubwa bahasha nzima.

Jalada likipatikana, andika barua kwa Hakimu Mfawidhi ukiomba kulipitia na kupewa nakala zilizothibitishwa. Taja wewe ni nani kwa marehemu, na orodhesha nyaraka unazozitaka moja moja. Baki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Malipo yafanye kwa kontroo namba, usimpe mtu fedha mkononi. Kama tayari kuna uamuzi usiouridhia, angalia tarehe yake kwanza: rufaa kutoka Mwanzo kwenda Wilaya ni ndani ya siku 30. Usikae ukisubiri nakala ya hukumu huku siku zinakwisha, kwani sheria hailazimishi iambatishwe kwenye rufaa ya ngazi hiyo.

Haya yote nimeyaeleza kwa moyo mweupe, lakini sioni kwa nini mwananchi ayapitie. Mirathi inapofunguliwa, mahakama hutoa tangazo ili kila mwenye maslahi au pingamizi ajitokeze. Jina la marehemu hubandikwa ubaoni, jina la mwombaji hubandikwa, tarehe hubandikwa. Taarifa hiyo ilikuwa ya watu wote tangu siku ya kwanza. Karatasi ikishabanduliwa ubaoni, inakuwaje taarifa ileile iwe ngumu kuipata hivi?

Ninachoomba ni kitu kidogo: orodha inayotafutika kwa jina la marehemu, ikionyesha mahakama, namba ya shauri, mwaka na jina la msimamizi. Basi. Mahakama tayari inatumia mfumo wa kielektroniki kusajili na kusimamia mashauri, na maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani yanasomeka bure mtandaoni kupitia TanzLII. Mwanasheria aliye Dar es Salaam anapata hukumu ya Rufani akiwa kitandani, ilhali mjane wa Mbagala hapati namba ya mirathi ya mumewe iliyofunguliwa kilomita chache kutoka kwake. Shida za wengi ziko Mwanzo, na huko ndiko kusikoonekana.

Nimesikia hoja ya faragha, na ninaiheshimu. Mashauri ya watoto yafungwe, tena yafungwe vizuri. Sheria ya Mtoto ya 2009 ina sababu nzito za kuzuia watu wasiohusika, na sitaki siku moja mtoto aliyeasiliwa akute maisha yake yamewekwa hadharani. Mashauri ya ndoa nayo yana mambo ya chumbani yasiyomhusu jirani. Hapo nakala zibaki kwa wahusika, ingawa kwao zitolewe bila kuzungushwa. Mwanamke aliyepewa talaka na mgawanyo wa mali anahitaji hukumu na hati ya kukazia hukumu ili apate sehemu yake, na anahitaji talaka isajiliwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, vifo, ndoa na talaka, kabla hajafikiria kuolewa tena. Karatasi ya talaka aliyoandikiwa na shehe haimfikishi huko Tanzania Bara. Ni lazima amri ya mahakama. Orodha ya mirathi ninayoisema haigusi hata moja ya siri hizo. Haionyeshi mali, haionyeshi warithi, haionyeshi nani aligombana na nani.

Pa kuanzia papo. Tangu 2021 Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke kimekuwa kikishughulikia mirathi, ndoa na mambo ya familia, na ngazi za mahakama kuanzia Mwanzo mpaka Mahakama Kuu ziko ndani ya jengo moja. Mrithi anayefika pale hahitaji kukisia ni ngazi ipi. Liwekwe dirisha moja, na karani mwenye kompyuta anayeuliza jina la marehemu badala ya namba ya shauri. Dirisha hilo likifanya kazi Temeke kwa mwaka mmoja, lipelekwe Mwanza, Arusha, Dodoma na Morogoro, ambako vituo jumuishi vipo tayari, kisha wilayani.