Amri Isiyopingika, Faini Isiyolala

Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani itoe hukumu ya kesi ya Sackett dhidi ya EPA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, mnamo Mei 2023, wengi wanaitaja kesi hiyo kama siku ardhioevu zilipotolewa sadaka. Lalamiko hilo lina msingi. Lakini limeifunika hukumu ya kwanza ya kesi hiyohiyo, ya mwaka 2012, na humo ndimo ilimo hoja ya wenye viwanja ambayo haijasikilizwa vya kutosha.

Wenye kesi, familia ya Sackett, walinunua kiwanja karibu na Priest Lake, Idaho, wajenge nyumba. Walipoanza kumwaga kifusi mwaka 2007, EPA ikawaandikia amri: kiwanja hicho ni ardhioevu inayolindwa na Sheria ya Maji Safi ya 1972, warudishe kilivyokuwa. Waliomba kusikilizwa, wakakataliwa. Walipokwenda mahakamani, serikali ikadai kwamba amri hiyo haipingiki mpaka yenyewe iamue kuwashtaki.

Hebu pigeni hesabu. Kwa maelezo ya serikali, faini ya kukiuka sheria ilifika dola 37,500 kwa siku, na kwa aliyekwisha kupewa amri ingeweza kuwa maradufu, dola 75,000. Kwa siku kumi ni dola 750,000, na serikali haijakanyaga mahakamani. Kampuni kubwa ina mawakili wa kungoja nao. Mwenye karakana ndogo atatii hata kama hana kosa, kwa sababu kila siku ya kujitetea inamwongezea deni. Na njia ya kuomba kibali cha kujaza ardhioevu si nyepesi: utafiti ulionukuliwa na Jaji Scalia wa Mahakama ya Juu mwaka 2006 ulikuta kwamba mwombaji wa kibali maalumu alitumia kwa wastani siku 788 na dola 271,596.

Mwaka 2012 majaji wote tisa walikubaliana kwamba amri ya namna hii inaweza kupingwa mahakamani. Hakuna kinamasi hata kimoja kilichopoteza ulinzi kwa uamuzi huo.

Hukumu ya 2023 ni habari nyingine. Majaji wote waliona kiwanja kile hakihusiki, ila watano walikwenda mbali zaidi: ardhioevu italindwa tu ikiwa imeungana na mto au ziwa kwa maji ya juu yasiyokatika. Jaji Kavanaugh, mhafidhina, alikataa kipimo hicho, akitaja ardhioevu zilizotengwa na mto Mississippi kwa matuta ya kuzuia mafuriko. Yuko sahihi. Maji hupita pia chini ya udongo, na anayeishi bondeni, ambaye nyumba yake hukingwa na kinamasi kinachofyonza mafuriko, naye ni mwenye mali.

Dai la kusikilizwa lilikuwa halali tangu mwanzo. Lingejibiwa mapema, kwa tume ya rufaa yenye muda maalumu wa kuamua na faini iliyositishwa wakati shauri likisikilizwa, huenda kesi hii isingerudi mbele ya majaji hao mara ya pili.