Hesabuni Hata Maji ya Kusukumia Dawa

Mtoto wa kilo 1 ana damu ya takriban mililita 90 mwilini mwake kote. Soda ndogo ya kioskini ni mililita 300. Ndiyo maana huniuma kila nikimsikia mtu thieta akisema, "Ongeza tu maji kidogo."

Kazi yangu ni kutoa dawa ya usingizi, hapa Nairobi. Watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, wanaoletwa kwetu usiku mara nyingi wana ugonjwa wa kuoza utumbo: tumbo limefura na kung'aa, na eksirei inaonyesha hewa mahali isipofaa kuwa, yaani utumbo umetoboka. Hatungoji asubuhi.

Mtoto huyu anahitaji maji, tena mengi. Yaliyokuwa mishipani yamevujia utumbo uliovimba, na tumbo likishafunguliwa mengine yanapotea hewani. Ukimnyima, presha inaanguka. Ukimmiminia kwa kasi, mapafu yanaweza kujaa maji, na mishipa ya ubongo wake, iliyo laini mno, inaweza kupasuka. Kwa hiyo tunampa mililita 10 kwa kila kilo, polepole, kisha tunampima upya: mapigo ya moyo, presha, ubaridi wa miguu, mkojo.

Hayo huandikwa. Kisichoandikwa ni maji ya chumvi yanayofuata kila dawa ili kuisukuma iingie mshipani. Usiku mmoja, baada ya kufunga tumbo, nilihesabu sirinji tupu kwenye trei. Zilikuwa 10, kila moja ya mililita 2. Mililita 20 hazikuwa kwenye chati yangu! Kwa mtu mzima mwenye damu lita 5, ni sawa na zaidi ya lita 1 kupita bila yeyote kujua. Sikulala.

Ninachodai si kigumu. Atajwe mtu mmoja wa kuandika kabla kisu hakijashikwa. Sirinji ya kusukumia dawa iwe ya mililita 1. Shashi zenye damu zipimwe, kwa kuwa gramu 1 ni kama mililita 1. Na wakubwa wetu watununulie pampu za sirinji, maana dripu ya kukadiria kwa jicho haiwezi kutoa mililita 4 kwa saa. Dripu ya sukari nayo isikatwe njiani kuja thieta. Ini la njiti halina akiba ya sukari ya kutosha.

Juzi nilimkabidhi sista wa wodi ya watoto wachanga mmoja wao. "Ameingiziwa mililita 48, damu imetoka 7, mkojo 3."

"Na ya kusukumia dawa, daktari?"

"Imo, sista. Ni 5 kati ya hizo."

Akaandika.