Wangekuwa wanafuata hela wangeshaondoka

Wiki iliyopita kwenye kikao cha harusi pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, mambo ya ukumbi yakiwa yameisha na watu wanasubiri soda, mazungumzo yakahamia kwa binti mmoja wa mtaani kwetu aliyemaliza chuo akaenda kufanya kazi kwenye shirika la kusaidia wanawake. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema, "Hao wanakulaga hela za wazungu na kuvunja ndoa za watu." Watu wakacheka. Mama wa binti alikuwa amekaa palepale. Hakusema kitu, akawa anaikunja na kuikunjua kadi ya mchango. Kikao cha harusi si mahali pa kubishana na mzee, lakini maneno yale yamenikaa rohoni na leo nayajibu.

Hela zipi? Tuliokuwepo Kigoma mwaka 2025 tunajua kilichotokea. Januari ya mwaka ule Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mikataba ya watu ikakatika kabla hata hawajaelewa kuna nini. Ofisi ninayoizungumzia, ya shirika la kusaidia wanawake, ina vyumba viwili nyuma ya maduka, na haikuwa inapokea hela moja kwa moja kutoka huko, lakini shirika kubwa lililokuwa linaishika mkono lilikuwa linapokea. Mishahara ikasimama. Wengine waliondoka; wana watoto na kodi ya nyumba, sina la kuwalaumu. Waliobaki waliendelea kufungua mlango asubuhi bila kujua watalipwa lini, kwa sababu kuna akina mama walikuwa na tarehe mahakamani. Mtu aliyefuata hela angekuwa wa kwanza kuondoka.

Nakubali, wapo walioingia kwa kukosa ajira serikalini. Nakubali pia kuna mashirika ya mfukoni, yenye muhuri na bango na yasiyo na kazi yoyote, na hayo yananiudhi mimi kuliko yanavyomuudhi mzee wetu. Ila kuingia ni jambo moja, kubaki ni lingine, na mimi nataka kuzungumzia kubaki.

Mwanamke aliyepigwa akafukuzwa kwake anaanza safari ya ofisi na ofisi. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, dawati la jinsia polisi apewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, hospitali, arudi polisi, ustawi wa jamii, baraza la usuluhishi, mahakama. Kila mahali kuna mtu wake, na wengi ni watu wema waliozidiwa na kazi. Lakini kila mmoja anaijua sehemu yake tu. Mama anasimulia upya, mbele ya mgeni mwingine, aibu ileile, mpaka siku nauli ya kutoka Mwandiga inakosekana na shauri linafia hapo. Mfanyakazi wa shirika ndiye mtu pekee aliyeanza naye na atakayemaliza naye. Ukiwauliza wanaobaki kwa nini wanabaki, watakuanzishia habari ya mama fulani, tangu alivyoingia ofisini siku ya kwanza hadi alivyopata haki yake. Kuna kazi chache sana hapa mjini zinazokupa nafasi ya kuuona mwisho wa jambo ulilolianza.

Nilishawahi kukaa kwenye benchi la ofisi ile nikimsubiri rafiki yangu, msaidizi wa kisheria, akiwa na mama mmoja wa Kibirizi anayeanika dagaa. Mume ameoa mwingine, yeye katolewa. Alikuja akiwa tayari ameshakata tamaa: "Mwanangu, mimi sina kitu, nyumba ni ya baba watoto." Rafiki yangu hakumhutubia habari za haki. Alifungua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaanza kuuliza.

"Mama, tofali mlinunua au mlifyatua?"

"Tulifyatua."

"Maji ya kufyatulia nani alichota?"

"Mimi na wanangu."

"Fundi alikuwa anakula wapi?"

"Si nilikuwa nampikia mimi, mwezi mzima."

"Na bati?"

Hapo mama akanyamaza kidogo. "Bati zilitoka kwenye mchezo wangu. Nilipokea zamu yangu, nikampa akanunue."

Kila jibu liliandikwa. Ukurasa ulipojaa akamsomea mama taratibu toka juu hadi chini, na mama akawa anatikisa kichwa kama anayesikia habari za mtu mwingine. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa pamoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Zaidi ya miaka 40 sasa. Lakini hukumu haitembei yenyewe kutoka Dar es Salaam kuja Kibirizi. Inahitaji mtu anayejua kuuliza maji yalichotwa na nani.

Shauri lile liliangukia kipindi ambacho Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024. Hakuna dagaa, kwa hiyo mama hana hata nauli. Aliyemtumia nauli kwa simu, tarehe baada ya tarehe, shauri likiahirishwa na kuahirishwa, mnaweza kumjua. Mwishoni mama alipata fungu lake.

Na kuhusu kuvunja ndoa, nitasema kwa ufupi. Kwa kawaida sheria hiyohiyo hairuhusu shauri la talaka kufika mahakamani bila kwanza kupita kwenye baraza la usuluhishi, na hawa dada ndio wanaokaa jioni nzima na mume, mke na mashemeji wakitafuta suluhu. Ndoa ya yule mama ilivunjwa na aliyemtoa nje usiku.

Tunaowapenda watu hawa nasi tunawaumiza kwa namna yetu. Tunawasifia moyo, tunawaita wenye wito, kisha tunaona sawa kabisa wakikaa miezi bila mshahara, bila michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, wakijiita volontia kwa miaka. Kuuliza maswali yale kwa mpangilio ule ni ujuzi, umesomewa na umefanyiwa mazoezi, kama ujuzi wa muuguzi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria na inamzuia kumtoza mteja, jambo ambalo ni sahihi. Basi alipwe na mwingine.

Kwa hiyo haya nayaelekeza kwa wafadhili, wa nje na wa hapahapa, pamoja na halmashauri zetu. Mmekuwa wepesi kulipia ukumbi, bango, fulana na chai ya wajumbe. Mkiulizwa mshahara wa anayeamka saa 8 usiku kupokea simu ya mama aliye nje na watoto, mnasema bajeti hairuhusu gharama za utawala. Wekeni mshahara kwenye mradi, wekeni NSSF, na acheni mikataba ya miezi 12. Shauri la mgawanyo wa mali au la mirathi likipata maahirisho mawili matatu na rufaa moja, miezi 12 inaisha bado mama hajapata hata hati ya hukumu mkononi, na mtu pekee anayelijua jambo lake toka mwanzo anakuwa ameshaambiwa mradi umeisha.