Papa, nazi na hesabu ya watu wasioogelea

Papa akimng'ata mtu popote duniani na video ikaanza kuzunguka kwenye simu zetu, haipiti saa moja kabla mjuzi fulani hajaleta nazi. Nazi zinazoanguka, atasema, huua watu 150 kila mwaka, na papa hawafikishi hata kumi, basi ogopa mnazi. Sisi tuliokulia chini ya minazi tulipaswa kuwa wa kwanza kumuuliza: nani alizihesabu hizo maiti? Hakuna. Mwaka 1984 daktari Peter Barss aliandika juu ya majeruhi wa nazi katika hospitali moja ya Papua New Guinea. Walikuwa wachache, na hiyo 150 haimo kabisa. Namba ilivuma mwaka 2002 pale kampuni moja ya bima ya safari huko Uingereza ilipoitumia kujitangaza.

Nimeanza na nazi kwa sababu wanaomtetea papa nakubaliana nao karibu kila kitu, ila hesabu zao zinanikera.

Haki yao kwanza. Aina za papa zimepita 500, na vifo vingi huletwa na tatu: papa mweupe, yule wa milia, na papa wa Zambezi. Jalada la kimataifa la mashambulizi ya papa, linalotunzwa na makumbusho huko Florida, liliandikisha mwaka 2023 watu 69 walioumwa bila kumchokoza papa, wakafa 10. Mwaka 2024 walikuwa 47, wakafa 4. Waliokufa maji mwaka 2021, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ni watu 300,000. Na sisi tunawafanyaje papa? Makadirio yanayotajwa sana ni milioni 100 wanaouawa kila mwaka. Mzamiaji mwenye mtungi mgongoni ana sababu ndogo kuliko wote ya kuogopa: mwaka 2023 walioumwa walikuwa hasa wanaoteleza kwenye mawimbi, asilimia 42, wakifuatiwa na waogeleaji, asilimia 39. Aliye chini ya maji humwona papa, na papa humwona yeye. Anayepigapiga miguu juu ya maji ya tope haonwi sawasawa na yeyote.

Sasa ile kumi ya mwaka 2023. Maneno "bila kumchokoza" yamebeba mzigo mkubwa. Mvuvi aliyeng'atwa akimchomoa papa wavuni, au mzamiaji aliyeng'atwa akiwa amejifunga kiunoni samaki aliowapiga mkuki, hawekwi humo. Wa namna hiyo mwaka 2023 walikuwa 22, wakawekwa fungu lao. Mtaalamu wa wanyama ana sababu nzuri ya kuwatenga, maana anataka kujua papa hufanya nini akiachwa. Lakini kwa mwenye ngalawa mguu ni mguu. Tena kuandikishwa kunahitaji mwandishi. Anayeng'atwa Florida yumo magazetini jioni ile ile; anayeng'atwa kwenye ufukwe usio na zahanati habari yake inaweza kuishia msibani.

Kubwa zaidi ni kwamba hao kumi tunawagawa kwa dunia nzima. Ndani ya watu bilioni nane yumo mkulima wa Singida, yumo muuza duka wa Goma, wamo mamilioni ambao hawajawahi kulowa maji ya chumvi. Wote hao wanamkopesha usalama wao kijana mmoja anayeingia majini asubuhi hii, mahali hapa, baada ya mvua ya jana. Kisha tunamwambia asiogope, nafasi yake ya kuumwa ni moja katika mamilioni. Nafasi ya nani? Ya mkulima wa Singida.

Chukua Port St Johns, mji mdogo wa pwani ya Eastern Cape, Afrika Kusini, ambapo mto Mzimvubu unaingia baharini. Kusini kidogo ya mlango wa mto kuna ufukwe uitwao Second Beach. Kati ya mwaka 2007 na 2014 papa waliua watu wanane kwenye ufukwe huo mmoja. Mmoja alikuwa mwokoaji, mtu aliyeyajua maji yale kuliko sisi sote. Mwingine alikufa siku ya Krismasi mwaka 2012, ufukwe ukiwa umejaa watu wa sikukuu. Wa mwisho alikuwa mtalii kutoka Austria. Aliyelaumiwa ni papa wa Zambezi, anayevumilia maji ya mto sawa na ya bahari na anayependa maji yaliyochafuka. Mzimvubu ukileta tope, anayeogelea hawezi kuiona hata mikono yake.

Wastani wa dunia utamfaa nini mama wa Port St Johns? Aliyemzuia mwanawe asiende majini Desemba hiyo hakuwa na woga wa sinema, alikuwa akihesabu kwa usahihi kuliko mabingwa wa takwimu.

Réunion, kisiwa cha Ufaransa hapa hapa katika Bahari ya Hindi, kilizika watu 11 waliouawa na papa kati ya mwaka 2011 na 2019. Julai 2013 serikali ilipiga marufuku kuogelea na kuteleza mawimbini nje ya maji ya ndani ya mwamba na sehemu zenye ulinzi. Wateleza mawimbini waliolalamika waliitwa wauaji wa mazingira na watu walioishi bara, kilomita elfu tisa kutoka kwenye maji hayo.

Ila hapa ndipo na upande wangu unapochepuka, kwa sababu hofu iliyo sahihi huweza kuzaa dawa mbovu. Kati ya Desemba 1957 na Aprili 1958, kwenye pwani ya Natal, Afrika Kusini, papa walishambulia watu tisa, sita wakafa. Wageni walikimbia hoteli. Meli ya kivita ikatumwa kurusha mabomu baharini, na samaki waliouawa wakawa karamu iliyowaita papa wengine. Kilichobaki hadi leo ni nyavu, ambazo Durban ilikuwa imezitega tangu mwaka 1952. Na lazima tuseme kweli, Durban haijapoteza mtu kwa papa tangu hapo.

Mtalii akisikia "wavu wa papa" huwaza ukuta. Mvuvi wa Tanga angecheka, maana kile ni jarife, wavu wa kunasia samaki. Kila wavu una urefu wa mita 214 na kina cha mita sita, unategwa kwenye maji ya mita kumi hadi kumi na nne, na papa anapita juu, chini na pembeni. Karibu theluthi ya wanaonaswa hunaswa wakiwa wanatoka ufukweni kurudi baharini, yaani walishakuwa na waogeleaji na wakaondoka zao. Wavu unalinda kwa kuvua tu, mwaka baada ya mwaka, hadi papa wapungue. Na jarife halichagui. Huko Natal linaleta pomboo, kasa na taa. Tanga lilileta silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria kabla hajaonekana Afrika Kusini mwaka 1938.

Kwetu nyavu hizo hazina la kulinda. Mwamba umekinga sehemu kubwa ya fukwe kuanzia Diani hadi Paje, na papa tumeshamvua sana. Wengi wetu tunamjua kama ng'onda, au kipande kwenye mchuzi wa nazi. Mafia watalii hulipa ili waogelee na potwe, papa aliye mkubwa kuliko samaki wote, naye hula dagaa na viumbe vidogo sana. Anayekwenda Mafia na kuogopa papa, wastani wa dunia unamhusu, maana kosa lile lile la hesabu hufanywa kinyumenyume pia: maiti za Second Beach zinatumika kuwatisha waogeleaji wa Kilindoni, huko huko Mafia.

Muizenberg, karibu na Cape Town, tangu mwaka 2004 watu hukaa mlimani wakichungulia ghuba kwa darubini na kupandisha bendera. Kijani maana yake maji yanaonekana vizuri na papa hajaonwa. Nyekundu, papa ameonekana karibuni. Nyeupe yenye picha ya papa, pamoja na king'ora, toka majini sasa hivi. Ninayoipenda ni nyeusi: leo hatuoni chini. Haisemi papa yupo wala hayupo, inamwachia mtu mzima aamue.

Second Beach ingepepea nyeusi karibu mwaka mzima, kwa hiyo mlinzi wa mlimani asingeokoa mtu, na jarife kwenye mlango wa mto ningelipinga. Ningejenga bwawa la mawe ukingoni, linalojazwa na maji kujaa na kusafishwa na maji kupwa, kama mabwawa ambayo miji mingi ya pwani hiyo hiyo ya Afrika Kusini inayo tangu zamani.