Usimlazimishe aliyeumia kufumba macho

Aliyenusurika ajali anaweza kukusimulia kisa chake mwanzo hadi mwisho bila kutetereka, kisha breki za gari zikalia nje na moyo ukaanza kumwenda mbio, viganja vikalowa jasho. Akili inajua hatari imepita. Mwili haujapata habari. Ndiyo maana nawaunga mkono wanaosema tiba ya kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, isiishie kwenye mazungumzo bali iuhusishe na mwili.

Ushahidi upo, ingawa si mwingi kama matangazo yanavyodai. Mwaka 2014, daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliohusisha wanawake 64 ambao kiwewe chao kilikuwa kimegoma kupona kwa matibabu. Baada ya wiki 10 za yoga, 16 kati ya 31 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo. Katika kundi lililopewa elimu ya afya tu, walikuwa 6 kati ya 29.

Lakini yoga hiyo hufundishwa kwa kualika. Ukipenda, nyoosha mkono. Usipopenda, kaa ulivyo. Mtu aliyebakwa au kupigwa alinyang'anywa kauli juu ya mwili wake mwenyewe, na kwa maoni yangu kurudishiwa kauli hiyo kunaponya kuliko mkao wowote.

Sasa tazama wanaojiita waponyaji: "Fumba macho, vuta pumzi, jiachie!" Kutoa pumzi polepole hupunguza kweli mapigo ya moyo, kupitia neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo. Ila kwa baadhi ya watu kufumba macho ndiko kunakoamsha yale yale wanayoyakimbia. Wengine hushikwa mabega bila hata kuulizwa. Na hii ya kuambiwa kiwewe kimejificha kwenye nyonga na kinasubiri kukamuliwa, mimi siinunui.

Wala sisemi tiba nyingine ziachwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 ulipendekeza tiba ya kisaikolojia inayolenga kiwewe, pamoja na EMDR, ile ya kusogeza macho.

Kabla ya kulipa, muulize anayetaka kukuhudumia: nikikataa zoezi, itakuwaje? Akikujibu kwamba kukataa kwako ndiyo dalili ya ugonjwa, chukua mkoba wako uondoke.